Lisemwalo lipo, kama halipo laja: mchumi na herufi zake nne

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiifundisha methali hii kama onyo kuhusu uvumi: kwamba penye moshi hapakosi moto, na kwamba mwenye hekima hapuuzi minong'ono ya watu. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningelazimika kuifundisha kama maelezo ya mambo ya uchumi wa dunia. Aliyenilazimisha ni mwanafunzi wangu mmoja, na chanzo cha yote kilikuwa alama mbili nilizompunguzia katika zoezi la tafsiri.

Kisa chenyewe ni hiki. Niliwapa wanafunzi wangu kifungu cha habari kutoka katika gazeti moja la ng'ambo ili wakitafsiri kwa Kiswahili. Kifungu kilihusu kundi la mataifa liitwalo BRICS, na ndani yake alinukuliwa Mwingereza mmoja, Jim O'Neill, ambaye mwandishi wa habari alimtambulisha kwa maneno mawili tu: mchumi mashuhuri. Wanafunzi wote waliandika hivyo hivyo, ila mmoja. Yeye aliandika: "O'Neill, aliyekuwa mwajiriwa wa benki ya Goldman Sachs." Nikachukua kalamu yangu ya wino mwekundu, nikampunguzia alama mbili, na pembeni nikaandika: "Tafsiri, usitunge."

Siku ya pili yake alikuja ofisini mwangu, karatasi mkononi.

"Samahani mwalimu, lakini sikutunga," alisema. "Huyu ndiye aliyelibuni jina hilo, na alipolibuni alikuwa kazini katika benki inayofanya biashara ya hisa. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa 'mchumi' basi, atadhani ni mwalimu wa chuo kama wewe."

Nilimjibu kwamba mfasiri ni mjumbe, na kwamba mjumbe haongezi wala hapunguzi. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni za kazi, lakini waama halikuniridhisha hata mimi niliyelitoa. Alipoondoka nilijiuliza swali ambalo mwanaisimu angepaswa kujiuliza zamani: Je, neno "mchumi" linapochapishwa gazetini hufanya kazi gani? Nikaenda maktabani.

Jim O'Neill alizaliwa mwaka 1957 katika eneo la Manchester, mtoto wa mpeleka barua. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Sheffield, kisha akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Surrey. Baada ya kufanya kazi katika mabenki kadhaa alijiunga na Goldman Sachs mwaka 1995. Wapenzi wa kandanda, ambao najua ni wengi miongoni mwa wanafunzi wanaosoma safu hii, huenda wakamkumbuka kwa jambo jingine: mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa mashabiki matajiri wa Manchester United waliojulikana kama Red Knights, waliotaka kuinunua klabu hiyo kutoka kwa jamaa ya Glazer. Jaribio lao liligonga mwamba.

Lakini kilichompa mtu huyu sauti ya kusikika kote duniani si shahada yake wala mpira. Ni herufi nne. Tarehe 30 Novemba 2001, benki yake ilitoa makala aliyoiandika kuhusu nchi nne zenye watu wengi na uchumi uliokuwa ukikua kwa kasi: Brazili, Urusi, India na Uchina. Kwa kuunganisha herufi za kwanza za majina hayo katika Kiingereza, alipata BRIC. Alieleza kwamba mwishoni mwa mwaka 2000 nchi hizo zilikuwa na kiasi cha asilimia 8 ya pato la dunia kwa viwango vya kawaida vya kubadilisha fedha, na zaidi ya asilimia 23 ikiwa hesabu ingezingatia kile ambacho fedha za kila nchi zinaweza kununua nyumbani. Alitabiri kwamba uzito wao ungeongezeka katika mwongo uliofuata, hususan uzito wa Uchina. Kisha akatoa pendekezo: kundi la mataifa tajiri liitwalo G7 lirekebishwe ili nchi hizo ziwakilishwe katika vikao vinavyoamua mambo ya uchumi wa dunia.

Msomaji na alitie maanani pendekezo hilo, kwa maana ndilo lililokuwa kiini cha hoja, na ndilo lililosahauliwa. Kilichobaki vinywani mwa watu ni jina.

Kwa nini jina? Hapa naomba niseme kama mwanaisimu. BRIC ni akronimu, yaani neno linaloundwa kwa herufi za mwanzo za maneno mengine na kutamkwa kama neno kamili. Akronimu nyingi huzaliwa na kufa bila mtu kuzililia. Hii iliishi kwa sababu kwa sikio la Mwingereza haina tofauti na neno la kutajia tofali, naye mwandishi alikwisha kulitumia fumbo hilo katika kichwa cha makala yake, alipozungumzia ujenzi wa uchumi bora wa dunia. Ni neno la silabi moja, linaingia kwa urahisi katika kichwa cha habari ambamo nafasi ni haba, na linabeba picha ya kitu kigumu, imara, cha kujengea nyumba. Mhariri gani angelikataa?

Sasa hebu tujaribu kuliunda neno hilo hilo kwa Kiswahili. Brazili, Urusi, India, Uchina: tunapata BUIU. Nililiandika ubaoni, na darasa zima likaangua kicheko. Hakuna tofali hapo, wala picha yoyote. Kuna sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba. Laiti mchumi huyu angalikuwa Mswahili, huenda hoja yake ingalibaki katika kabati la benki. Nchi zile nne zisingalipungua hata shilingi moja ya pato lao, lakini dunia isingalizitazama kama kitu kimoja. Hili ndilo nililotaka wanafunzi waone: umoja wa nchi hizo haukuwa katika ardhi, dini, lugha wala siasa zao. Ulikuwa katika herufi.

Ndipo ile methali ikanirudia. Lilisemwa neno, na lilisemwa kabla ya kuwapo kwa jambo lenyewe, kwa kuwa mwaka 2001 nchi hizo nne hazikuwa na kikao, katibu, wala ajenda ya pamoja. Magazeti yakalikariri. Makampuni ya uwekezaji yakaanzisha mifuko ya fedha iliyobeba jina hilo. Mnamo Septemba 2006, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo wakakutana mjini New York, pembeni mwa mkutano wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 16 Juni 2009, marais na viongozi wa serikali zao wakafanya mkutano wao wa kwanza mjini Yekaterinburg, Urusi. Mwaka 2011 Afrika Kusini ikahudhuria mkutano wa Sanya, Uchina, kama mwanachama mpya, na herufi ya tano ikaongezwa. Mwaka 2014 viongozi hao wakakubaliana mjini Fortaleza, Brazili, kuunda benki yao ya maendeleo, yenye makao makuu Shanghai na mtaji ulioidhinishwa wa dola bilioni 100. Mwaka 2024 waliingia wanachama wengine, wakiwamo Misri na jirani zetu Ethiopia, na mnamo Januari 2025 Indonesia ikafuata, huku Uganda ikipewa nafasi ya nchi mshirika.

Lilisemwa, halikuwapo, likaja. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford alitufundisha kwamba kuna usemi usioeleza jambo bali unaolitenda: kadhi asemapo kwamba ndoa imefungwa, ndoa imefungwa kwa kusema kwake. Lakini kadhi amepewa mamlaka. Mchumi wa benki alipewa na nani? Jibu langu ni kwamba alipewa na vyombo vya habari, siku kwa siku, kila vilipomnukuu bila kueleza zaidi ya lile neno "mchumi".

Hapa inanipasa nimtendee haki, maana si uungwana kumhukumu mtu kwa mambo waliyoyafanya wengine kwa neno lake. O'Neill hakuzishauri nchi hizo ziunde klabu yao. Alitaka waliokuwa ndani ya G7 wafungue mlango. Afrika Kusini ilipoingizwa, alisema waziwazi kwamba uchumi wake ulikuwa mdogo mno kulingana na wa wenzake. Wazo la sarafu moja ya BRICS lilipovuma mwaka 2023, alilikejeli hadharani. Aidha, amekiri mara kadhaa kwamba Brazili na Urusi zilimvunja moyo katika mwongo wa pili. Neno lilikuwa limekwisha kumponyoka. Aliyelizaa alibaki kando akilipigia kelele kama mzazi ambaye mwanawe amehamia mji mwingine, na bado kila alipolalamika, magazeti yalimnukuu kwa sababu tu alikuwa baba wa neno.

Jambo la pili nililoligundua linahusu sarufi. Mwaka 2003 wenzake wawili katika benki hiyo hiyo, Dominic Wilson na Roopa Purushothaman, walitoa makala iliyopiga hesabu hadi mwaka 2050. Walisema kwamba mambo yakienda sawa, uchumi wa nchi hizo nne kwa pamoja ungeweza kuupita ule wa Marekani, Japani, Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na Italia katika muda usiotimia miaka 40. Kwanza, ni wangapi wanaoyajua majina ya waandishi hao wawili? Sifa nyingi zilimwendea mwenye neno. Pili, itazame hiyo "yakienda sawa". Imebebwa na kiambishi kidogo mno, -ki-, ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza hujifunza na kukisahau. Wachumi makini husema kwa -ki- na -nge-. Vichwa vya habari huandika kwa -ta-. Baina ya "wakifanikiwa wangeweza kuwapita" na "watawapita" pana umbali wa nchi nzima, na katika umbali huo watu huweka akiba zao.

Na mambo hayakwenda sawa kila mahali. Uchina iliipita Japani mwaka 2010 ikawa ya pili kwa ukubwa wa uchumi duniani, na India nayo ikapanda. Lakini Urusi, iliyopata pigo la kuanguka kwa bei ya mafuta na vikwazo vya mwaka 2014, uchumi wake ulipungua mwaka 2015. Na Brazili ikakumbwa na mdororo mkubwa katika miaka ya 2015 na 2016. Mwaka huo huo wa 2015, Goldman Sachs yenyewe iliufunga mfuko wake uliobeba jina la BRIC, ikauunganisha na mfuko mwingine mpana zaidi. Benki iliyoliuza neno ililitoa dukani kimya kimya. Marais nao waliendelea kukutana chini ya bango lake.

Haya yote yalinirejesha kwenye lile neno la mwanafunzi wangu. Katika maisha yake O'Neill amevaa kofia nyingi: mtafiti wa benki, kuanzia mwaka 2010, mwenyekiti wa tawi la benki hiyo linalosimamia mali za wawekezaji, hadi alipoondoka mwaka 2013, kisha Lord na waziri mdogo katika Hazina ya Uingereza kuanzia mwaka 2015 hadi 2016, na vilevile mwandishi ambaye makala zake husambazwa na shirika la Project Syndicate katika magazeti ya nchi nyingi. Kila kofia ina halali yake. Sisemi kwamba mtu wa benki hawezi kusema kweli, kama vile sisemi kwamba mwalimu wa chuo hawezi kukosea. Alama nilizozipunguza ni ushahidi. Nisemalo ni kwamba neno "mchumi" huzifunika kofia zote kwa kilemba kimoja cheupe. Msomaji huona kilemba cha mwanachuoni, naye huinamisha kichwa.

Wala nguvu hii si mbaya nyakati zote. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ilimteua O'Neill kuongoza uchunguzi kuhusu usugu wa vijidudu dhidi ya dawa. Ripoti yake ya mwisho, ya mwaka 2016, ilisema kwamba hatua zisipochukuliwa, usugu huo ungeweza kuua watu milioni 10 kila mwaka ifikapo mwaka 2050. Matabibu walikuwa wamelilia jambo hili tangu siku za Alexander Fleming, ambaye alionya mwaka 1945 kwamba penisilini ikitumiwa vibaya vijidudu vingeizoea. Alipolisema mtu aliyezoeleka katika kurasa za biashara, na kulipa tarakimu moja kubwa, likaingia katika kurasa za mbele. Hata hapa, hata hivyo, ile "zisipochukuliwa" aghalabu iliachwa njiani, na tarakimu ikasafiri peke yake kama mtabiri asiye na masharti.

Nilipoyaeleza haya darasani, mwanafunzi mwingine aliuliza swali ambalo nililitarajia: "Na sisi herufi yetu iko wapi?" Ni swali la haki. Katika orodha ya kwanza Kenya haikuwamo, wala nchi yoyote ya Afrika. Mwaka 2005 Goldman Sachs ilitaja nchi 11 za kufuatia, na kutoka barani mwetu zikawamo Misri na Nijeria pekee. Mwaka 2014 O'Neill alieneza akronimu nyingine, MINT, ya Meksiko, Indonesia, Nijeria na Uturuki, hata akaandaa vipindi vya redio ya BBC kuihusu. Kwa Waingereza neno hilo ni mnanaa, na pia ni mahali pa kufulia sarafu. Kwa Kiswahili ni MINU, na kwetu hilo si jani wala fedha.

Nilimjibu mwanafunzi huyo kwamba sina haja na herufi. Nchi ambayo shauku yake ni kutajwa katika neno la mtu mwingine imekwisha kukubali kwamba mwenye kutaja ndiye mwenye kupima. Watu wa Brazili walikuwapo na mashamba yao kabla ya mwaka 2001, na wamekuwapo baada ya mfuko ule kufungwa. Ninachokitaka mimi ni kwamba vijana wetu wawe na msamiati wa kuuliza. Mchumi anaponukuliwa kuhusu mkopo wa serikali, bei ya unga au thamani ya shilingi, awe wa London au wa Nairobi, mwanafunzi wetu ajue kuuliza mambo matatu: Amevaa kofia gani asemapo haya? Ni -ki- ipi iliyoachwa katika kichwa cha habari? Na jina hili analolitumia, lilikuwapo kabla yake au amelizaa yeye?

Walimu wenzangu, maswali haya hayahitaji shahada ya uchumi. Yanahitaji gazeti la jana na kipindi kimoja cha dakika arobaini. Tumezoea kuifundisha sarufi kana kwamba ni maiti ya kupasuliwa: hiki ni kiambishi, hiki ni kitenzi, andikeni. Ilhali hiyo hiyo sarufi ndiyo inayoamua kama mzazi wa mwanafunzi wetu ataweka akiba yake mahali salama au ataifuata -ta- ya mwandishi wa habari hadi shimoni. Mtoto akipasi mtihani wa viambishi lakini asiweze kutofautisha sharti na ahadi gazetini, tumemfundisha nini?

Naam, na zile alama mbili? Nilimwita yule binti ofisini. Nilimrudishia moja. Nilimwambia kwamba alikuwa ameona jambo ambalo mimi, na shahada zangu zote, nilikuwa nimelipita miaka nenda miaka rudi. Lakini ya pili niliizuia, kwa sababu maneno yale hayakuwa ya mwandishi wa habari, na mfasiri mwaminifu angaliyaweka katika tanbihi, chini ya ukurasa, kwa jina lake mwenyewe.

"Kwa hiyo mwalimu," aliniuliza, "mtu wa gazeti akiificha kofia ni sawa, mimi nikiionyesha ni kosa?"

Nilitafuta jibu la kanuni, na kanuni zipo. Lakini mwaka uliofuata nililibadilisha zoezi. Sasa kila mwanafunzi anayetafsiri habari hutakiwa kuandika chini yake tanbihi ya mistari mitatu: nani kasema, kasema akiwa nani, na kwa sharti gani. Tanbihi hiyo ina alama mbili.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahenga hawakutuambia nani hulisema. Hiyo ni kazi waliyotuachia sisi.